Minyoo huuhadaa mwili kwa ujumbe wa siri

KILA mzazi aliyewahi kumpa mtoto dawa ya minyoo anaujua mshangao huu: dawa hufanya kazi, minyoo hutoka, hamu ya kula hurejea, lakini kabla ya mwaka kuisha tumbo la mtoto huanza kufura tena.

Wengi huilaumu dawa. Wengine huulaumu uchafu, wala hawakosei, kwani mayai na viluwiluwi vya minyoo husubiri udongoni na kurudi mwilini kupitia mikono, chakula na nyayo zisizo na viatu.

Hata hivyo, lipo swali lisilojibiwa na uchafu pekee. Mtoto akiugua ukambi mara moja, mwili wake humkariri adui huyo, na ni nadra kuugua tena. Mbona basi mwili huo huo hushindwa kumkariri mnyoo aliyekaa ndani yake kwa miezi, au hata miaka?

Jibu ambalo wanasayansi wamekuwa wakilikusanya kidogo kidogo ni kwamba minyoo hawakai kimya tumboni. Wao hupeleka ujumbe kwa seli za mwili unaowahifadhi, na ujumbe huo ni wa hadaa.

Suala hili si dogo. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), watu wapatao bilioni 1.5 wana minyoo inayoambukizwa kupitia udongo. Miongoni mwao ni mchango, ambaye jike lake huweza kutaga mayai 200,000 kwa siku. Mnyoo wa safura, ambaye hufyonza damu na kudhoofisha watoto na akina mama wajawazito. Na mnyoo mwenye umbo la mjeledi, ambaye huchomeka kichwa chake katika ukuta wa utumbo mpana.

Hapa Kenya, serikali ilianza kuwapa watoto wa shule dawa hizo kwa mpango wa kitaifa mnamo 2009. Lakini uchambuzi wa tafiti kutoka nchi mbalimbali uliochapishwa 2012 ulionyesha kuwa mwaka mmoja baada ya matibabu, kiwango cha maambukizi ya mchango kilikuwa kimerejea hadi asilimia 94 ya kilivyokuwa awali. Kwa mnyoo wa safura kilifika asilimia 57.

Ili kuielewa hadaa hiyo, ni sharti kwanza kuufahamu ulinzi wenyewe. Utumbo umetandikwa kwa safu moja tu ya seli. Miongoni mwazo zimo chache zenye vishungi kama vya brashi, ambazo kwa miaka mingi kazi yake haikueleweka vyema.

Mnamo 2016, makundi kadhaa ya watafiti yaliyochunguza panya yaligundua kuwa seli hizo ndizo walinzi wa zamu. Zinapohisi kwamba mnyoo ameingia, hutoa kemikali ya tahadhari iitwayo IL-25. Kemikali hiyo huziamsha seli za kinga, nazo hutoa kemikali nyingine, IL-13, ambayo huuamuru ukuta wa utumbo kumwaga ute kwa wingi na misuli yake kujikaza. Lengo ni moja: mnyoo akose pa kujishikiza, afagiliwe nje.

Hapo ndipo mnyoo naye anapojibu.

Mnamo 2014, watafiti wa Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, walieleza walichokibaini kwa mnyoo mmoja anayeishi katika utumbo wa panya. Mnyoo huyo hutoa vijifuko vidogo mno, ambavyo upana wake hukaribia sehemu moja ya 10,000 ya milimita. Ndani yake mna protini pamoja na vipande vifupi vya RNA, molekuli ambayo viumbe hutumia kupitisha na kudhibiti maagizo ya jeni.

Seli ya utumbo huvipokea vijifuko hivyo na kuviingiza ndani, pasipo kujua vimetoka kwa nani. Vipande vya RNA vikishaingia, huenda kupunguza kazi ya baadhi ya jeni za mwenyeji. Miongoni mwa jeni zilizodhoofishwa ni ile inayotengeneza kipokezi cha IL-33, kemikali nyingine ya tahadhari. Kwa maneno mengine, king'ora hulia, lakini wanaopaswa kukisikia wamezibwa masikio.

Hiyo si silaha yake pekee. Mnamo 2017, ilibainika kuwa mnyoo huyo huyo hutoa protini inayoing'ang'ania IL-33 yenyewe ili isifike inakokwenda, na nyingine inayoiga ishara ambayo mwili hutumia kutuliza kinga yake. Ajabu ni kwamba protini hiyo ya pili haifanani kwa umbo na ishara ya asili, lakini seli huitii vilevile. Mnamo 2019, watafiti walieleza kuwa mnyoo-mjeledi wa panya naye hutoa protini inayoifunga IL-13, ile inayoleta ute.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Huyu amepita nguo, akaingia ndani na kujifunza lugha ya nyumba.

Minyoo huwasiliana wao kwa wao pia. Mfano ulio wazi ni kichocho cha matumbo, ugonjwa unaowasumbua wakazi wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria. Minyoo wake huishi katika mishipa ya damu inayozunguka utumbo, jike akiwa amelala katika mfereji wa mwili wa dume. Asipokuwa na dume, jike hakomai wala hatagi.

Mnamo 2022, wanasayansi wa Texas, Marekani, waliitambua kemikali ambayo dume huitengeneza ili kumkomaza jike. Walipoiweka kemikali hiyo peke yake pamoja na majike ambayo hayajawahi kukutana na dume, yalikomaa na kuanza kutaga. Ugunduzi huo una uzito kwa kuwa mayai ndiyo yanayoliumiza ini na utumbo wa mgonjwa.

Je, mzazi atafaidika vipi na haya yote? Dawa zilizopo ni chache. Albendazoli, inayotumiwa sana shuleni, haina nguvu ya kutosha dhidi ya mnyoo-mjeledi inapotolewa kwa dozi moja. Kwa kondoo na mbuzi, minyoo wa sehemu nyingi za dunia, Kenya ikiwemo, wamekwisha kuzoea dawa za jamii hiyo hiyo. Hakuna ahadi kwamba minyoo wa binadamu hawatafuata njia hiyo.

Aidha, hakuna chanjo ya minyoo wa tumbo iliyoidhinishwa kwa binadamu. Ikiwa ujumbe wa mnyoo ndio unaouzuia mwili kujifunza, basi kuunasa ujumbe huo ni kuufumbua mwili macho. Mnamo 2017, watafiti wa Edinburgh waliwachanja panya kwa vijifuko vilevile vya mnyoo, na panya hao wakapata kinga kubwa walipoambukizwa baadaye.

Panya si binadamu, na kutoka maabara hadi zahanati ni safari ndefu. Kwa sasa, choo, viatu, maji safi, sabuni na dawa kwa ratiba vinabaki kuwa ngao ya mtoto.

Lakini mzazi anayeona tumbo la mwanawe limefura tena ajue kwamba huenda dawa ilifanya kazi yake. Mtoto aliambukizwa upya, na mwili wake ulikuwa umenyimwa fursa ya kumkariri adui.