Bwana Chui: Kijana wa Goma aliyekataa chai, akalipa kwa uhai wake

MJINI Goma, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo (DRC), kijana wa miaka 26 alitakiwa kufanya jambo dogo sana: atie sahihi, agonge muhuri, lori lipite.

Shida ilikuwa mzigo. Mchele uliotoka upande wa pili wa mpaka, nchini Rwanda, ulikuwa umeoza. Wenye mali walijua hivyo, naye kijana alijua. Wakampa Dola 1,000 za Marekani afumbe macho. Alipokataa wakapandisha dau, hadi likafika Dola 3,000. Simu zikaanza kuingia, nyingine kutoka kwa watu wenye vyeo. Bado akakataa.

Mnamo Julai 7, 2007 alitekwa nyara. Siku mbili baadaye mwili wake ulipatikana ukiwa na alama za mateso.

Jina lake ni Floribert Bwana Chui bin Kositi. Usishangae kuona 'Bwana Chui', maneno ya Kiswahili, katika jina hilo. Goma ni mji wa Waswahili wa Congo. Sokoni, kanisani na barabarani, watu huongea lugha hii hii tunayoongea Nairobi na Mombasa. Na mnamo Juni 15, 2025, mjini Roma, Kanisa Katoliki lilimtangaza kuwa Mwenyeheri, hatua moja tu kabla ya kuitwa mtakatifu.

Vijana wengi Wakatoliki wanamfahamu Carlo Acutis, yule kijana wa Italia aliyependa kompyuta na akatangazwa mtakatifu Septemba 2025. Floribert hasikiki sana mitaani kwetu, ilhali maisha yake yanafanana zaidi na ya kijana wa hapa: amemaliza chuo, amepata kazi baada ya kusubiri, ana mchumba, familia inamtegemea, na meza yake ya kazi inazungukwa na watu wenye bahasha.

Alizaliwa Goma mnamo Juni 13, 1981. Hakukulia mahali patulivu. Alipokuwa na umri wa miaka 13, mamia ya maelfu ya wakimbizi walimiminika mjini humo wakitoka Rwanda baada ya mauaji ya kimbari ya 1994. Kisha vita vikaingia Congo kwenyewe. Januari 2002, volkano ya Nyiragongo ililipuka na uji wake wa moto ukapita katikati ya mji, ukimeza nyumba na maduka.

Katika mji kama huo, ni rahisi kijana kujifunza somo moja tu: jiokoe mwenyewe. Floribert alijifunza somo jingine. Akiwa mwanafunzi wa sheria alijiunga na Jumuiya ya Sant'Egidio, kundi la Wakatoliki lililoanzishwa Roma mwaka wa 1968 na wanafunzi wa sekondari. Wanachama wake husali pamoja na kufanya urafiki na maskini.

Mjini Goma, urafiki huo ulimaanisha kwenda kwa watoto wa mitaani, ambao wenyeji huwaita maibobo. Hawa ndio wale watoto ambao wapita njia hushika mifuko yao wanapowaona. Floribert aliketi nao, akala nao, akawasaidia kurudi shuleni. Wanaomkumbuka wanasema alipenda kuvaa vizuri na kucheka. Hakuwa mtu wa kununa eti kwa sababu ni mcha Mungu.

Baada ya masomo aliajiriwa na Ofisi ya Udhibiti ya Congo (OCC), shirika la serikali linalokagua ubora wa bidhaa. Kazi yake ilifanana na ile ambayo hapa kwetu hufanywa na KEBS na maafisa wa afya mpakani. Alianzia Kinshasa, kisha mwaka wa 2007 akapelekwa Goma, mji wa nyumbani, kukagua bidhaa zilizoharibika.

Ni kazi iliyo na chapaa nyingi za pembeni kwa anayezitaka. Mpaka wa Goma na Rwanda una shughuli nyingi, na chakula kingi kinachouzwa mjini humo hupitia hapo. Afisa anayesema 'hii imeharibika' anaweza kumtia mfanyabiashara hasara kubwa kwa dakika moja.

Kinachogusa katika hadithi yake ni jinsi alivyofikia uamuzi. Alikuwa na rafiki mtawa ambaye pia ni daktari. Akamuuliza: mtu akila chakula kama hiki atapatwa na nini? Alipoelezwa madhara yake, mambo yakawa wazi kwake. Alimwambia mtawa huyo kwamba pesa zingeisha upesi, lakini wale ambao wangekula mchele ule wangekuwa wapi? Akajiuliza pia kama angepokea pesa hizo, bado angekuwa anaishi ndani ya Kristo.

Tazama mpangilio huo. Alianza na ukweli wa kisayansi, akafikiria watu ambao hatawahi kukutana nao, kisha akauweka uamuzi mbele ya imani yake. Kwake, sala ya Jumapili na muhuri wa Jumatatu vilikuwa kitu kimoja.

Na walaji wa mchele ule wangekuwa nani? Si matajiri. Mchele mbovu huuzwa bei ya chini, na wa bei ya chini hununuliwa na mama wa kibanda, mkimbizi na maibobo. Floribert aliwajua watu hao kwa majina. Huenda ndiyo sababu Dola 3,000 hazikumtikisa: upande wa pili wa mizani kulikuwa na nyuso alizozifahamu. Mzigo ukaharibiwa.

Kuna swali ambalo msomaji anaweza kuwa nalo: je, huyu kweli ni shahidi wa imani? Hakuna aliyemwambia amkane Yesu. Waliomuua walitaka biashara yao tu. Kanisa lililichunguza swali hilo kwa miaka kadhaa. Novemba 25, 2024, Papa Francis aliidhinisha tamko kwamba kifo chake kilitokana na chuki dhidi ya imani. Maana yake ni kwamba uaminifu wake kazini ulikuwa ndiyo imani yenyewe, na aliyeuchukia uaminifu huo aliichukia imani hiyo.

Papa huyo alikuwa tayari ameshamtaja hadharani. Februari 2, 2023, akizungumza na vijana katika Uwanja wa Mashahidi jijini Kinshasa, aliwakumbusha kuwa Floribert angeweza kunyamaza, asijulikane na mtu, na bado afaidike. Uwanja mzima ukapaza sauti kukataa ufisadi.

Francis alifariki Aprili 2025 kabla ya kumuona akitangazwa. Sherehe iliongozwa na Kadinali Marcello Semeraro katika Basilika ya Mtakatifu Paulo Nje ya Kuta, jijini Roma. Haikufanyika Goma. Mji huo ulikuwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwishoni mwa Januari mwaka huo.

Kwetu Kenya hadithi hii haiko mbali hata kidogo. Mnamo 2023 serikali iliwasimamisha kazi maafisa 27 baada ya sukari iliyoingizwa nchini 2018, na kutangazwa kuwa haifai kuliwa, kutolewa katika ghala kwa njia isiyoeleweka. Mzigo wa aina hiyo hautembei wenyewe. Mahali fulani kuna karatasi, na kwenye karatasi kuna sahihi.

Vijana wa Gen-Z walipojaa barabarani Juni 2024, ufisadi ulikuwa miongoni mwa mambo waliyoyapigia kelele. Kelele hizo zilikuwa na haki yake. Lakini miaka michache ijayo, kijana yule yule aliyebeba bango ndiye atakayekuwa karani wa kaunti, afisa wa forodha, nesi wa zamu au mhasibu. Mtu atakuja na bahasha na kumwambia maneno tuliyoyazoea: 'Wacha kujifanya mtakatifu, kila mtu anakula.' Hapo hakutakuwa na kamera wala umati wa kumshangilia.

Msoto nao ni wa kweli. Ukiwa umetarmac miaka mitatu na kodi ya nyumba inadaiwa, kumkatalia mkubwa wako si mchezo. Floribert hakuwa juu ya hofu hiyo. Alijua anatishiwa. Kilichomsaidia ni kwamba hakuamua peke yake gizani: alikuwa na marafiki wa kusali nao, na alikuwa na mtu wa kumweleza.

Kwa Mkenya, kuna msaada zaidi ya huo. Sheria ya Kuzuia Hongo ya 2016 humtia hatiani anayetoa na anayepokea, na Tume ya Maadili na Kukabiliana na Ufisadi (EACC) hupokea ripoti hata kutoka kwa mtu asiyetaka kutaja jina lake. Kanisa halimtumi kijana yeyote akafe mpakani. Linamtaka asiuze wenzake, na afanye hivyo kwa busara, akiwa na watu wa kumlinda.

Kila Julai 8, Wakatoliki humkumbuka Mwenyeheri Floribert. Mjini Goma, Sant'Egidio ilianzisha shule ya watoto waliofurushwa makwao na vita, na ikaipa jina lake. Wanaosoma humo ni watoto wa aina ile ile ambayo mchele ule ungeishia sahanini mwao.