Je, Wajua? Si kila mbwa mwenye macho ya manjano ana homa ya kupe

Mbwa wa ulinzi wa Gitothua, Ruiru, akigeuka manjano ufizi na weupe wa macho, fikra ya kwanza huwa homa ya kupe. Si fikra mbaya: vimelea vya babesia hupasua chembe nyekundu za damu, na manjano hutokana na hapo. Lakini mfuko wa nyongo ukijaa ute mzito na njia ya nyongo ikaziba, rangi ni ile ile, pamoja na kutapika, kukataa chakula na tumbo kuuma likiguswa. Utasema vipimo vya kutofautisha hayo mawili ni ghali. Kweli, ndiyo maana damu itazamwe kwanza kwa darubini. Vimelea visipoonekana, ultrasaundi huonyesha mfuko wenyewe: ute ulioganda hutoa mistari kama tunda la kiwi lililokatwa. Njia ikiwa wazi bado, dawa iitwayo asidi ya ursodioksikoli yaweza kujaribiwa. Ikiziba au mfuko ukipasuka, hubaki upasuaji wa kuuondoa, na mbwa huishi bila mfuko kwa kuwa nyongo hutengenezwa na ini. Upasuaji una hatari, hasa kwa mbwa aliyekwisha kudhoofika. Hiyo ni sababu ya kuwahi. Ukiona manjano, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.