Laptopu Iliyochoka: Tuitengeneze au Tununue Nyingine?

Hapana shaka umewahi kumsikia mtu akiilalamikia laptopu yake kwamba imekuwa nzito: huiwasha, akaenda kuchemsha chai, akarudi akaikuta bado haijafunguka. Shauri apewalo aghalabu ni moja, anunue mpya. Sisi tunaliona shauri hilo kuwa la pupa, hususan kwa mwalimu wa Muleba ambaye bei ya kompyuta mpya ndiyo ada ya watoto wake.

Kwanza ijulikane ni kiungo gani kinachougua. Kompyuta nyingi za miaka kumi na zaidi zina diski yenye sahani inayozunguka, nayo ndiyo huchoka mapema na kuzichelewesha nyingine zote. Kabla ya kupanda basi kwenda kwa fundi Bukoba, bonyeza kwa pamoja vitufe vya Ctrl, Shift na Esc, kisha utazame takwimu. Ikiwa diski inasimama karibu na asilimia 100 ilhali prosesa imepumzika, basi diski ndiyo mgonjwa. Ikibadilishwa kwa SSD, isiyo na kitu kizungukacho, mashine ileile huamka. Ikiwa kumbukumbu ya RAM ndiyo iliyojaa, iongezwe, tuseme kutoka GB 4 hadi 8. Ila uliza mapema, kwani baadhi ya laptopu nyembamba, MacBook Air zikiwemo, RAM yake imeunganishwa moja kwa moja na bodi na haiongezeki.

Watu wa Bukoba wanao mfano wa jambo hili bandarini kwao. Meli ya MV Victoria, iliyoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960, ilisimama mwaka 2014, ikafanyiwa ukarabati mkubwa na kufungwa injini mpya, ikarejea ziwani mwaka 2020. Bodi lake lilikuwa bado linafaa, ndiyo maana injini mpya zilikuwa na mahali pa kukaa.

Kwa laptopu, bodi hilo ni ile bodi kuu ya ndani. Ikiungua, pengine kwa umeme unaoyumba, mara nyingi gharama ya kuitengeneza hukaribia bei ya mashine nyingine iliyotumika, na hapo hatuoni haja ya kung'ang'ania. Lipo pia suala la programu. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi zilizotoka kabla ya mwaka 2017. Mwenye mashine ya namna hiyo asiikimbilie jaa: Linux Mint au Ubuntu hupatikana bure, nazo zinatosha kwa kuandika, kupanga alama za wanafunzi na kusoma barua pepe.

Anayeamua kununua ya mtumba akumbuke kwamba sheria yetu ya biashara inamlazimu muuzaji kuibainisha aibu ya bidhaa, na mnunuzi aliyefichwa aibu ya tangu awali anayo khiyari ya kuirudisha. Haki hii wengi huiacha dukani kwa kuona haya. Tunashauri siku za majaribio ziandikwe kwenye risiti, na kabla ya kulipa chaja ichomolewe ili betri ijisemee yenyewe. Sehemu ya kuwekea kidole ikiwa imeinuka, betri imevimba chini yake. Ni hatari ya moto, isitobolewe wala isichajiwe.

Kwa anayebaki na mashine yake, mafaili yanakiliwe pembeni kabla haijafunguliwa. Ndani yake mna amana za watu. Mwulize fundi bei ya kifaa mbali na ya kazi yake, na udai diski ya zamani urudishiwe. Ikiwa bado inasomeka, ikitiwa ndani ya kasha dogo lenye waya wa USB, hufaa kuwa ghala la nakala nyumbani.