Wafananao kwa rangi huenda si wa asili moja

Swali la juma hili halikutoka kwa mwanafunzi wangu wala kwa mhariri. Limeletwa na mtoto wa ndugu yangu, kijana anayefanya kazi Sharjah, na linahusu mijusi. Alikuja likizo, tukawa tumeketi barazani Kibokoni baada ya alasiri, kahawa tungu mkononi, akanionyesha picha katika simu yake.

"Ami, hawa nawafuga mimi. Dume na jike, wote nimewanunua kama albino. Wamenizalia watoto wanne na hata mmoja hakuwafuata wazazi. Wote wana mikanda myeusi kama mtoto wa mjusi wa kawaida. Ati yule aliyeniuzia kanipunja?" Kabla sijajibu akaongeza: "Na kwa Kiswahili niwaite vipi? Mijusi mazeruzeru?"

Swali la kwanza ni la sayansi, la pili ni la lugha. Mimi ni mtu wa lugha, lakini nimegundua kwamba siwezi kujibu la pili bila kupitia la kwanza.

Nianze na mjusi mwenyewe, maana hapa Mombasa neno hilo hutuletea picha nyingine. Sisi twamjua mjusi kafiri, yule atambaaye darini na katika kuta za Mji wa Kale, ambaye wazee humhusisha na kisa cha moto wa Nabii Ibrahim, kwamba yeye alikuwa akiupuliza uzidi kuwaka. Mtazame usiku karibu na taa: mweupe pe, karibu uone kilichomo tumboni. Mtazame yuyo huyo mchana katika ufa wa ukuta: kijivu chenye mabaka. Nilipokuwa mdogo tukiamini hao ni mijusi wawili, mmoja wa usiku na mmoja wa mchana. Kumbe ni mmoja abadilishaye rangi. Jicho hukosea hivyo kwa urahisi sana.

Anaofuga mwanangu ni wengine. Kwao ni Afghanistan, Pakistan, Iran na kaskazini-magharibi mwa India. Hawapandi ukuta kwa sababu vidole vyao havinati, na wana kope za kufumba macho, ambazo mjusi kafiri hana. Wafugaji wa Kiingereza humwita kwa jina la chui. Tukifuata njia hiyo tutapata "mjusi chui", nami sina ugomvi nalo, ila mtoto wake hazaliwi na madoa ya chui. Huzaliwa na mikanda, na madoa huja anapokua. Jina lake la kisayansi, Eublepharis macularius, limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya doa. Ningependelea "mjusi madoa", lakini jina huamuliwa na wanaolitumia, si na profesa aliyekaa barazani.

Sasa, kwa nini albino wawili wakazaa watoto wa kawaida? Ukitizama kikombe hiki cha kahawa utanielewa. Ili kahawa ipatikane yahitajika makaa, buni na maji. Kimoja kikikosekana, kikombe hubaki kitupu. Nyumba moja haina makaa, nyumba ya pili haina buni. Ukitazama vikombe vyao hutaona tofauti, vyote ni vitupu. Lakini wakioana, huyu akaleta buni na yule akaleta makaa, watoto wao watakunywa kahawa.

Weusi wa ngozi ya mnyama hutengenezwa hivyo hivyo, kwa hatua nyingi, na kila hatua ina jeni yake. Kila mnyama hupokea nakala mbili za kila jeni, moja kwa baba na moja kwa mama, na katika jambo hili nakala moja nzima hutosha kuifanya kazi. Ualbino huonekana tu pale nakala zote mbili za jeni ileile zinapokuwa na kasoro. Katika mjusi madoa, wafugaji wa Marekani walipata koo tatu za ualbino katika miaka ya 1990, nazo zikapewa majina ya watu: Tremper, Bell na Rainwater. Koo hizo tatu ni jeni tatu mbalimbali. Ukimpandisha Tremper kwa Bell, kila mtoto atapata nakala nzima ya kila upande, na wote watatoka na rangi ya kawaida. Basi huenda yule muuzaji wa Sharjah hakumpunja mtu. Huenda alisema kweli tupu, albino na albino, ila neno alilolitumia halikutosha kubeba ukweli wote.

Hasara yenyewe yaja katika kizazi cha pili. Watoto hao wa kawaida wamebeba kasoro mbili zilizojificha. Wakizalishwa wenyewe kwa wenyewe, kwa wastani katika kila watoto 16, 9 watakuwa wa rangi ya kawaida, 3 wataonyesha ualbino wa Tremper, 3 wa Bell, na 1 atakuwa na yote mawili. Hao 7 wote utawaita albino, na hakuna jicho litakalowatenga kwa uhakika. Wafugaji husema Bell ana macho mekundu zaidi, na kweli aghalabu huwa hivyo, lakini aghalabu si daima. Mnunuzi atakayemchukua mmoja wa hao 7 hajui anachukua nini, wala aliyeuza hajui.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kuwatenga walio wamoja. Mayai ya mijusi hawa yakiatamiwa katika joto la nyuzi 26 au 27, watoto hutoka wakiwa wamekoza rangi kuliko wa nyuzi 31 au 32. Albino wa Tremper aliyetoka katika yai la baridi aweza kuwa wa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa, ndugu yake wa yai la joto akawa wa manjano na waridi. Sokoni watapewa majina mawili na bei mbili. Asili ni moja.

Njia ya kujua ni moja nayo haina mkato. Mpandishe yule usiyemjua kwa albino ambaye ukoo wake unajulikana kwa hakika. Albino wakitokea miongoni mwa watoto, jeni ya ukoo ule anayo. Wakitoka wa kawaida watupu, mmoja baada ya mmoja, basi yeye ni wa ukoo mwingine. Na uandike. Mfugaji asiye na daftari hana mijusi wa ukoo wowote, ana mijusi tu.

Nilipokuwa nikieleza haya, mjukuu wa jirani yangu alikuwa ametuletea sahani ya kaimati. Binti huyo yu kidato cha pili, naye ana ualbino. Alikuwapo mwanangu alipolitamka lile neno "mazeruzeru", na mimi, Mungu anisamehe, sikumkata kauli. Aliiweka sahani, akasimama kidogo, kisha akauliza: "Na watu je, Babu? Sisi nasi tuko wa namna nyingi?"

Nikamwambia ndiyo. Kwa Waafrika ulio mwingi zaidi ni ule unaotokana na jeni iitwayo OCA2. Upo wa jeni nyingine ambao hauachi hata chembe ya weusi katika nywele. Upo wa tatu, unaojulikana zaidi kusini mwa Afrika, ambao humfanya mtu awe mwekundu-mwekundu wa ngozi na nywele, na watu wakampita njiani bila kufikiri ualbino. Mnamo 1952 daktari wa macho wa Uingereza, Patrick Trevor-Roper, aliandika habari za mume na mke, wote wenye ualbino, waliopata watoto wa rangi ya kawaida. Makaa na buni. Fikiria mke huyo angekuwa mtaani kwetu. Nani angemwamini?

Sina haja ya kufikiri sana. Mama wa binti huyu ni mweusi, baba mweusi. Alipozaliwa, jamaa wa mume walimtazama mtoto kisha wakamtazama mama, wakauliza mtoto ni wa nani. Mama alirudi kwao akakaa mwaka mzima. Amenieleza mwenyewe, na ameniruhusu kuyaandika haya bila majina. Lau pale chumbani angekuwapo mtu wa kusema kwamba wazazi wote wawili wamebeba kasoro moja iliyojificha, kwamba baba amechangia nusu sawa na mama, na kwamba kila wanapopata mtoto kuna nafasi moja katika nne ya kutokea hivyo, huenda mwaka ule usingepotea. Lakini angelisema kwa maneno gani? Hapo ndipo lugha inapohusika.

Kiswahili chetu cha rangi ni cha jicho. Mashina ya sifa ni matatu tu, -eupe, -eusi na -ekundu, kama walivyotabiri Brent Berlin na Paul Kay mwaka 1969 kwamba lugha huanza na hizo tatu. Nyingine zote tumeziazima kwa vitu tuvionavyo: kijivu ni cha jivu, kijani ni cha jani, manjano ni ile bizari, zambarau ni tunda. Ngozi ya mtu twaiita maji ya kunde. Kwa wanyama tuna madoa, milia, mabaka, marakaraka. Ni utajiri, nami najivunia. Lakini yote hayo hutaja kilicho juu ya ngozi. Hata kuku kishingo tumemwita kwa shingo yake iliyo wazi, na kwake tumebahatika, kwa kuwa aliyepokea jeni hiyo kwa mzazi mmoja tu huonekana: hubakiwa na kishada cha manyoya mbele ya shingo. Mfugaji wa Kisauni humtambua bila kwenda maabara. Ualbino hautoi kishada. Mbebaji wake hafanani na mbebaji, afanana na kila mtu.

Kwa hiyo twahitaji maneno mawili pale tunapotumia moja. Napendekeza "sura" kwa kinachoonekana na "asili" kwa kilichomo ndani. Mjusi wa mwanangu ana sura ya ualbino na asili ya Bell. Watoto wake wana sura ya kawaida na asili ya Bell na Tremper. Ni maneno ya kawaida, hata mtoto wa darasa la nne ayajua, na hayo ndiyo maneno ninayoyapenda katika sayansi.

Aliyebeba bila kuonyesha, wengine humwita "chotara". Nalikataa. Chotara ni mtoto wa watu wa asili mbili, na katika pwani hii neno hilo lina historia yake ya kudharauliana. Tena si sahihi, kwani aliyebeba jeni ya ualbino hakuchanganywa na jamii nyingine yoyote. "Mbebaji" latosha.

Na lile la zeruzeru? Kamusi zetu zinalo, na wapo watakaoniambia kwamba ni Kiswahili safi kuliko "albino" la kuazima. Nakubali kwamba ni Kiswahili. Hata hivyo wenye hali hiyo wengi wamesema wazi kwamba hawalitaki, na sababu wanazo. Neno hili limetajwa katika nchi jirani ya Tanzania pamoja na mauaji ya watu waliokatwa viungo kwa ajili ya uganga, hasa Kanda ya Ziwa, katika muongo wa kwanza wa karne hii. Hapa Kenya sensa ya 2019 iliwahesabu kwa mara ya kwanza, ikapata watu 9,729. "Mtu mwenye ualbino" ni maneno matatu badala ya moja, na mhariri wangu hulalamikia nafasi, lakini yamtanguliza mtu kabla ya ngozi. Kwa mjusi pia nasema "mwenye ualbino". Mjusi hajali aitwavyo, lakini aliyeleta kaimati anasikia.

Mwanangu amerudi Sharjah. Juzi alinitumia picha ya masanduku yake yakiwa na vibandiko vipya, kila kimoja na mistari miwili, sura juu na asili chini. Katika viwili, mstari wa chini ameandika "haijulikani". Binti naye ameniomba nimtafutie kitabu cha baiolojia ya jeni kilichoandikwa kwa Kiswahili. Nimeuliza katika maduka ya hapa mjini, sijakipata bado. Msomaji aliye nacho, awe Lamu, Vanga au Unguja, aniandikie kupitia gazeti hili.