Kongo: Watu Wake, Mali Yake na Njia Zake

Mwanafunzi aulizaye Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ina watu wangapi hupewa tarakimu nyingi zisizopatana. Kosa si la vitabu. Hesabu ya mwisho ya watu wote ilifanyika mwaka 1984, enzi ya Zaire, ikaonyesha watu karibu milioni 30.7. Kila idadi iliyotolewa baadaye, hata ile ya Umoja wa Mataifa inayopita milioni 100, ni makadirio: wale wa 1984 wameongezewa kwa kadiri ya uzazi na vifo, na maafa ya vita pamoja na uhamaji vimekisiwa tu. Hata hivyo dozi za chanjo, madawati na vitanda vya hospitali havina budi kupangwa, navyo hupangwa juu ya makisio hayo.

Katika makala hii twataka kuonyesha kwamba sehemu kubwa ya ugumu huo, na wa uchumi pia, yaonekana katika ramani ya njia. Nchi ina eneo la kilomita za mraba zipatazo 2,345,000 na majirani tisa. Watu wake hawakuenea sawasawa. Bonde la kati, lenye misitu, lina wakazi wachache. Wengi wamo pembeni: nyanda za juu za Kivu na Ituri, Kasai, ukanda wa shaba wa Katanga, na magharibi kuanzia Kinshasa kuelekea bahari. Ni kama nyumba ambayo vyumba vyake vimezunguka ua mpana mno, na kila chumba kina mlango wake wa kutokea nje.

Reli za kwanza zilijengwa pale maporomoko yalipozuia meli. Ile ya Matadi hadi Kinshasa, kilomita 366, ilikamilika mwaka 1898. Ya Kisangani hadi Ubundu ilifuata kwa sababu iyo hiyo. Katanga ilikuwa na shauri jingine. Gari la moshi lilifika Lubumbashi mwaka 1910 likitoka kusini, kupitia Rhodesia, wala si kutoka mji mkuu. Mwaka 1928 reli ilifika Ilebo, kando ya mto Kasai, ikakoma hapo. Mwaka 1931 iliungana na reli ya Benguela iendayo Lobito, pwani ya Angola.

Tufuate basi tani moja ya shaba kwa ile iliyoitwa njia ya taifa. Yapakiwa kwenye behewa Lubumbashi na kusafiri kilomita zipatazo 1,600 hadi Ilebo. Hapo yapakuliwa na kutiwa katika tishari, iteremke mto hadi Kinshasa. Kinshasa yapakuliwa tena, irudishwe kwenye reli hadi Matadi, na ndipo ipate meli. Si ajabu kwamba siku hizi malori huvuka mpaka wa Kasumbalesa na kupitia Zambia kuelekea Dar es Salaam au Durban.

Umeme nao una kisa kama hicho. Mabwawa ya Inga, la kwanza la 1972 na la pili la 1982, yaliundwa kutoa megawati 1,775 kwa jumla. Kutoka hapo waya zenye urefu wa kilomita 1,700 hivi zilivutwa hadi Kolwezi, kwenye migodi. Zapita juu ya vijiji visivyo na taa, na wengi hudhani mafundi waliwasahau wenyeji. Sivyo. Waya hizo huchukua umeme wa mkondo mnyofu, ambao hupoteza nguvu kidogo katika safari ndefu, lakini hauwezi kuchotwa njiani bila kituo cha kuubadili, nacho ni cha gharama kubwa sana. Vituo vilijengwa mwanzoni na mwishoni tu. Wachunguzi wengi waliona humo siasa pia: baada ya Katanga kujitenga kati ya 1960 na 1963, Kinshasa ilitaka kushika ufunguo wa umeme wa migodi.

Migodi yenyewe imepanda na kushuka. Gécamines, iliyozalisha zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ilianguka chini ya tani 50,000 mwaka 1994, kufuatia kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990 na machafuko yaliyofuata. Sasa makampuni mengi, mengine ya Kichina, yazalisha zaidi ya tani milioni mbili kwa mwaka, na kobalti ya Kongo imepita nusu ya ile ichimbwayo duniani. Wananchi wengi, hata hivyo, waishi kwa jembe na biashara ndogondogo. (Wasomaji wa jarida hili watakumbuka kwamba migodi hiyo ndiyo iliyowakutanisha watu wa Kasai, Rwanda na Rhodesia ya Kaskazini katika kambi za Katanga, Kiswahili kikawa lugha yao.)

Njia ya Lobito, iliyokatwa na vita vya Angola mwaka 1975, imefufuliwa. Mwaka 2022 makampuni ya kigeni yalipewa kuiendesha kwa miaka 30 upande wa Angola, na Desemba 2024 rais wa Marekani, Joe Biden, alifika Lobito kwa ajili yake. Kati ya Ilebo na Kinshasa bado hakuna reli.