Amoksilini Haitibu Mafua, na Nusu Dozi si Akiba

AMOKSILINI ni miongoni mwa antibiotiki zinazofahamika zaidi katika maduka ya dawa nchini, na pengine umaarufu huo ndio unaoiponza. Dawa hii ya jamii ya penisilini huua bakteria kwa kuvuruga ujenzi wa ukuta unaozizingira seli zao. Virusi havina ukuta wa aina hiyo. Ndiyo maana mafua ya kawaida hayaponi kwa amoksilini hata ikimezwa kwa wingi. Anayedhani imemponya, mara nyingi alikuwa anapona mwenyewe.

Manufaa yake makubwa yanaonekana katika nimonia ya watoto. Shirika la Afya Duniani linapendekeza vidonge vya amoksilini vinavyoyeyuka katika maji safi kidogo au maziwa ya mama. Mtoto mwenye kikohozi ahesabiwe pumzi kwa dakika nzima akiwa ametulia. Wa miezi 2 hadi 11 akifikisha pumzi 50, au wa mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5 akifikisha 40, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu au akipata degedege, hiyo ni dharura.

Dawa ya maji nayo huharibiwa na mambo madogo ya nyumbani. Chupa itikiswe kabla ya kila matumizi, na dawa ipimwe kwa kipimo kilichotolewa nayo, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani ujazo. Ikishachanganywa na maji hudumu kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa, kwa kawaida 7 hadi 14. Inayobaki haitunzwi kwa ajili ya mdogo wake.

Kuhusu nusu dozi inayonunuliwa kwa kukosa fedha, ni heri mgonjwa amweleze mfamasia hali yake kuliko kunyamaza. Matumizi holela ya antibiotiki huwapa bakteria wenye ustahimilivu nafasi ya kuongezeka, hali iitwayo usugu wa vimelea dhidi ya dawa, na usugu huo humfikia hata jirani ambaye hakumeza chochote.

Aliyewahi kupata mzio wa penisilini aseme kabla ya kupewa dawa. Upele ukijitokeza, aache dawa na kurudi kituoni. Uso au midomo ikivimba, au pumzi ikibana, akimbizwe hospitali.