Je, Wajua? Kutoka Stegi ya Donholm Hadi Kisiwani

Je, wajua kwamba Mombasa ni kisiwa, na kwamba watu wengi wa Umoja, Kayole na Buruburu, huku Eastlands ya Nairobi, wanaoteremka huko Desemba hawatulii kisiwani hata siku moja? Ufuo wa Pirates uko Bamburi, na Bamburi ni bara. Nyali ni bara. Diani ni bara. Ukishavuka daraja la Nyali au feri ya Likoni, kisiwa umekipa kisogo. Hiyo ni hasara kubwa, kwa sababu mapishi matamu kuliko yote ya mji ule yako kisiwani, kwenye vichochoro vya Mji wa Kale na kandokando ya bahari pale Mama Ngina, na hayadai mfuko wa mtalii.

Je, wajua kwamba safari yenyewe yaweza kuanzia mtaani? Treni ya mjini inayowapeleka abiria kwenye reli ya SGR ya kwenda Mombasa husimama Makadara na Imara Daima kabla ya kufika Syokimau, kwa hivyo mtu wa Jericho au Hamza hana haja ya kuingia tao kwanza. Reli si mgeni kwetu: Muthurwa na Makongeni ni mitaa iliyojengewa wafanyakazi wa reli. SGR ilianza kubeba abiria mwaka wa 2017. Nauli ya daraja la kawaida ilikuwa shilingi 1,000, ikapanda hadi 1,500 Januari 2024. Tiketi unakata kwa simu kupitia *639#, na kitambulisho utakachobeba kiwe kile kile ulichokatia. Chama kikipanga safari ya Pasaka au Krismasi, kikate mapema. Viti vya msimu huo huisha haraka.

Ukishafika, anza na tumbo.

Je, wajua kwamba mbaazi za kiamsha kinywa cha Mombasa hutiwa tui mara mbili? Kwanza tui jepesi, mbaazi zipate kuiva na kulainika. Kisha tui zito mwishoni, lichemke kidogo tu kabla ya kuepuliwa. Ndiyo maana mchuzi wake huwa mzito bila unga. Zinaliwa na mahamri yenye harufu ya iliki, na anayejua hali kwa kijiko: hukata hamri, akaligeuza kuwa kijiko. Fika asubuhi. Saa nne ikipita, sufuria nyingi za Mji wa Kale huwa zimebaki na ukoko.

Jioni ni zamu ya viazi karai. Kiazi huchemshwa, kikachovywa kwenye uji mzito wa unga wenye rangi ya manjano, kikatumbukizwa kwenye mafuta, kisha kikapasuliwa na kumwagiwa rojo la ukwaju. Pembeni yake kuna mishkaki ikifuka moshi. Baada ya hapo kahawa tungu katika kikombe kisicho na mkono, na kipande cha kashata au halua cha kukata uchungu. Kahawa hiyo inanywewa papo hapo, umekaa barazani na wenyeji, na ukinyamaza kidogo utasikia habari zote za mji.

Pale Mama Ngina, mtazame muuza muhogo anavyofanya kazi. Anatoa kipande kwenye makaa, anakipasua katikati kwa kisu, anapaka chumvi iliyochanganywa na pilipili ya unga, halafu anakamulia ndimu mpaka juisi inaingia ndani ya ufa. Unapewa ukiwa bado wa moto kwenye karatasi. Karibu yake kuna muuza madafu. Ukimaliza kunywa mrudishie, atalipasua kwa panga na kukuchongea kijiko cha kumbi ulie nyama yake laini. Meli za Kilindini zinapita mbele yako zikiwa karibu kiasi cha kusoma majina yake. Sijui mlo wa hotelini unaoshinda huo.

Je, wajua kwamba mapishi haya yana ndugu zake Eastlands? Majengo ya Pumwani, mtaa ulioanzishwa mapema katika miaka ya 1920, ulijengwa kwa ramani ya nyumba za Waswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, ua nyuma. Hadi leo mahamri na pilau vina heshima yake huko, hatua chache tu kutoka Gikomba. Kabla hujasafiri, nenda ukaonje, ili ukifika pwani ujue cha kuagiza.

Je, wajua kwamba Fort Jesus ilijengwa kati ya 1593 na 1596, na kwamba Waingereza waliigeuza kuwa gereza hadi 1958? Ikaingia kwenye orodha ya UNESCO ya Urithi wa Dunia mwaka wa 2011. Nenda asubuhi kabla jua halijawa kali, na uombe mwongozaji mwenyeji.

Je, wajua kwamba anayevuka Likoni kwa miguu halipi hata senti? Magari ndiyo hulipishwa.

Sasa bahari, na hapa naomba usome polepole.

Je, wajua kwamba mchanga ulio kati ya maji kupwa na maji kujaa ni ardhi ya umma? Katiba ya 2010 inasema hivyo katika Ibara ya 62. Hoteli inaweza kuwa na ukuta, mlinzi na viti vyake vya kupumzikia, lakini ule mchanga unaolowa na kukauka kila siku ni wako, wewe uliyetoka Dandora na taulo begani. Tembea juu yake bila kuinamisha kichwa. Inaniuma kila ninapoona familia ya Kenya ikizunguka ufuo kwa woga kana kwamba inaiba, wakati inatembea kwenye mali yake.

Je, wajua kwamba maji ya bahari yana ratiba? Hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku ratiba husogea mbele kwa takriban dakika 50. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, huja bamvua: Mombasa tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa hukaribia mita 4. Nusu ya mwezi huleta maji mafu, na tofauti hupungua sana. Wageni wengi hufika ufuoni adhuhuri, wakakuta miamba na mwani mtupu, bahari iko mbali huko kwenye povu, wakadhani wamepelekwa mahali pabaya. Wangengoja saa tano au sita tu, maji yangewafikia miguuni.

Maji yakipwa ni wakati wa kutembea mwambani kutazama viti vya pwani, kaa na samaki wadogo waliobaki kwenye vidimbwi. Vaa viatu vya sandak, maana kuna viumbe wenye miiba wanaojificha kwenye mashimo. Lakini kabla ya kwenda mbali, muulize mvuvi swali moja: maji yanaanza kujaa saa ngapi? Bahari ikirudi haiji kwa mstari mmoja kutoka mbele. Huingia kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yako, na aliye mwambani hujikuta amezungukwa. Mwenye watoto asilipuuze hili.

Na wajua nini kingine? Tangu tarehe 5 Juni 2020 ni marufuku kuingia na plastiki za kutumiwa mara moja, zikiwemo chupa za maji, kwenye fuo, mbuga na misitu ya hifadhi. Beba chupa ya kujaza tena.

Je, wajua kwamba kisiwa ambacho ningempeleka mtu wa Eastlands kabla ya vingine vyote ni Wasini? Kiko kusini kabisa, karibu na mpaka wa Tanzania. Vuka Likoni, panda matatu ya Lunga Lunga, shuka njia panda ya Shimoni, kisha bodaboda hadi gatini. Kutoka hapo ni mashua. Kisiwani hakuna magari. Sauti unazosikia ni za kuku, watoto na adhana. Kwa vizazi vingi wenyeji wametegemea maji ya mvua wanayoyakinga na kuyahifadhi, kwa hivyo ukipewa maji ya kunawa, yatumie kwa adabu.

Nyuma ya kijiji kuna bustani ya matumbawe. Haya ni matumbawe yaliyoota zamani bahari ilipokuwa juu zaidi, yakafa na kubaki nchi kavu yamesimama kama mawe ya kijivu, mengine marefu kuliko mtu. Kina mama wa kijiji wamejenga daraja refu la mbao linalopita katikati yake na katikati ya mikoko, na kiingilio unacholipa huenda kwenye chama chao. Wakati wa bamvua maji huingia mpaka chini ya mbao unazokanyaga, na kaa wadogo hukimbilia mizizi. Lipa, na uongeze ukiweza.

Mbele ya Wasini kuna Hifadhi ya Bahari ya Kisite-Mpunguti. Mashua hutoka Shimoni asubuhi. Pomboo huonekana mara kwa mara, na kati ya Julai na Septemba nyangumi hupita kwenye pwani yetu wakitoka bahari za kusini. Maji yakipwa sana, fungu la mchanga mweupe huchomoza katikati ya bahari, ukasimama juu yake bila mti wala nyumba. Unaogelea na miwani usoni, ukiwatazama samaki wa rangi zote wakila kwenye matumbawe yaliyo hai. Usikanyage matumbawe wala usiokote kombe. Ni kosa kisheria ndani ya hifadhi. Ada ya Shirika la Wanyamapori (KWS) hulipwa kwa eCitizen, basi ilipe kabla mtandao haujakusumbua gatini. Na usipande mashua mpaka kila mmoja wenu, mtoto na mzee, awe amefungwa jaketi la kuokolea.

Chakula cha mchana hungoja Wasini: kaa waliochemshwa, unaopewa na kigongo cha kuwapasulia, kisha samaki wa nazi na wali. Waambie mapema kama kuna asiyekula kaa.

Kabla ya kuondoka Shimoni, ingia kwenye pango. Watumwa walifungiwa humo wakingoja majahazi. Wenyeji ndio wanaolitunza na kulieleza, na ni haki ya watoto wetu kuisikia habari hiyo mahali ilipotendeka.

Je, wajua kwamba mji wa Lamu hunywa maji kutoka kwenye mchanga? Mvua huzama ndani ya vilima vya mchanga vya Shela, ikakaa chini kama maji matamu, na visima vyake ndivyo vinavyonywesha mji ule ulioingia orodha ya UNESCO mwaka wa 2001. Kila jumba la kifahari linalopanda juu ya vilima hivyo linagusa maji ya kunywa ya watu. Ukienda Shela kuogelea, ufuo uko wazi na ni mrefu, huna haja ya kuvipanda vilima. Kwa basi, njia ni Malindi, Garsen, Witu, hadi Mokowe, kisha boti.

Je, wajua kwamba kisiwa chenye historia ya Eastlands hakiko baharini? Ni Rusinga, katika Ziwa Victoria. Tom Mboya, aliyeshinda kiti cha Nairobi Mashariki mwaka wa 1961 na kuuawa mjini tarehe 5 Julai 1969, amezikwa huko, na kaburi lake limejengewa jengo la makumbusho. Kisiwani humo humo ndimo Mary Leakey alimopata fuvu la Proconsul, sokwe wa kale, mwaka wa 1948. Huhitaji mashua, barabara ya Mbita inakufikisha. Kula ngege aliyevuliwa siku hiyo, kwa ugali na mkono. Kuhusu kuogelea, jihadhari: konokono wa kwenye maji ya kina kifupi yenye nyasi hueneza kichocho, na viboko nao wana njia zao.

Na kwa kuwa tunazungumzia maji: Kasarani kuna kidimbwi cha mita 50 kilichojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987. Mtoto anayejifunza kuelea kwenye kidimbwi kabla ya Desemba ataifurahia bahari, na mzazi wake atapata usingizi.

Je, wajua kwamba kitambulisho chako cha taifa hakikufikishi Unguja? Mkenya haombi viza kuingia Tanzania, lakini anahitaji pasipoti au hati ya muda ya safari, na abebe cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Ukiwa navyo, kula urojo bustanini Forodhani jioni, na asubuhi uvuke kwenda kisiwa cha Changuu kuwaona kobe wakubwa, kizazi cha wale walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka wa 1919.

Kitambulisho hicho hicho kinakuvusha Uganda, hata hivyo, kwa makubaliano yaliyoanza 2014 baina ya Kenya, Uganda na Rwanda. Huko kuna visiwa vya Ssese, 84 kwa jumla, vyenye misitu inayoshuka mpaka ukingo wa ziwa. Shika basi la Kampala, endelea hadi Masaka, teremka Bukakata. Feri ya kwenda Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote, huvusha abiria bure.